Udongo wa Chenge

Mirongo, Mwanza
5 Machi 2026

Chenge,

Sikuulizi hali. Hali yako nimeiona kwenye simu za watu: umeinua mikono mbele ya Wazungu, meno yote nje. Mimi ni dada yako Odeta, kama bado unanikumbuka. Nimefunga saluni mchana huu, nimekaa kwenye kiti cha wateja, naandika kwa kalamu. Nikikupigia nitakutukana matusi ambayo Mama hakutufundisha, halafu wewe utakata simu. Barua haikatwi.

Tulimzika Baba Jumamosi, bila wewe, mtoto wake wa kiume wa pekee. Baba mdogo Machibya alisimama chini ya turubai akatuambia amekupa taarifa, na kwamba umejibu huwezi kuja, una mechi ya kutafutia mkataba huko Poland. Akasema tusikupigie wala tusikuandikie chochote, kijana asivurugwe. Kijiji kizima kikaitikia kwa vichwa kama kimeambiwa Waziri yuko kwenye kikao. Mimi nikasusa. Nikasema aliyefiwa na baba ndiye anayepiga simu kwao, hatafutwi. Nilikaa na simu mkononi usiku na mchana. Hukupiga.

Basi nikusimulie. Kwetu Busisi unajua watu wanazikwa saa tisa, jua likipoa. Safari hii Baba mdogo akasema saa saba. Nikadhani anaogopa mvua. Kumbe mechi yako ilikuwa saa kumi na moja kwa saa za huku, na Bashiru, yule fundi simu wa Sengerema, alikuwa ameshaitwa kuiunganisha mechi kwenye televisheni ya kibanda umiza cha Baba mdogo, pale ng'ambo ya mihogo watu wanapolipia kuangalia mpira. Kwa hiyo Baba alizikwa kwa ratiba ya mpira. Sasa Mungu naye ana mambo yake: wakwe wa Geita wakachelewa, katekista akarefusha maombi, na jeneza likashuka jua limeshageuka upande.

Mtoto wa kiume ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Wa kwako alitupa Baba mdogo. Halafu wanaume wakashika machepe, na kila mmoja akitupa mara mbili anatoa simu anaangalia saa. Wakaanza kupungua. Mmoja anaaga anakwenda haja, mwingine anasema mgongo unamsumbua. Mayala yule mdogo, mtoto wa binamu, alikuwa amevaa jezi chini ya shati jeusi; alipofika kwenye mihogo akavua shati kabisa. Mwisho katekista naye akafunga kitabu. Kaburi lilikuwa nusu, na machepe yamechomekwa kwenye kifusi bila mtu.

Wanaume wa Busisi wanajua majina ya mabeki wa Uingereza mpaka wale waliostaafu. Wanagombana, wanaapizana, wananuniana mwezi mzima kwa ajili ya miji ambayo hawajui hata iko upande gani wa dunia. Lakini kufukia shimo la mwenzao, aliyewadakia mipira miaka yote ile kwenye timu ya kinu cha pamba, kumewashinda. Uwanja wa kinu siku hizi ng'ombe wanalala katikati. Magoli yamechomwa kuni. Baba aliona yote hayo na hakusema kitu, ila nilijua yanamuuma.

Mama ndiye aliyeanza. Alivua kanga ya juu, akajifunga kiunoni, akachukua chepe. Dorotea wa jirani akamfuata, halafu mimi, halafu wanawake wote waliokuwa pale. Tulimfukia Baba sisi, Chenge, na viatu vyetu vya msibani. Tulipokuwa katikati ya kazi tukasikia kelele kutoka kibandani, watu wanapiga mabati. Kabla hawajataja jina nilijua umefunga wewe. Chepe langu lilikuwa limejaa. Nikamwaga, nikachota lingine.

Hatukumaliza. Upande wa miguu Mama alisema tuache, hiyo ni sehemu ya Chenge. Kifusi chako kiko palepale, hakuna aliyekigusa, na mvua za masika zimeanza kukila. Ukipata nafasi kati ya mechi na mechi, njoo ukichukue. Usipopata, mvua itakusaidia, maana imeonyesha ina adabu kuliko wewe.

Dada yako, sina namna,
Odeta Mayala

*

Poland
24 Machi 2026

Dada Odeta, shikamoo.

Barua yako nimeipokea mlangoni, nikaifungulia kwenye ngazi kwa furaha kabisa, maana huku hakuna mtu anayeniandikia. Niliposoma "tulimzika Baba" nikadhani unamsema baba wa mtu mwingine. Nikarudi juu nikasoma jina langu. Nikasoma tena. Yule Mmali ninayelala naye chumba kimoja alinikuta nimekaa palepale, giza limeingia, mlango uko wazi na baridi yote inaingia ndani.

Dada, sikujua. Wewe ndiye umeniambia. Sikuambiwa kwamba Baba anaumwa, sikuambiwa amelazwa, sikuambiwa amekufa. Hakuna mtu aliyeniuliza kama naweza kuja. Hayo maneno kwamba nina mechi siwezi, sikuyasema mimi.

Na kuna jambo baya zaidi, kaa chini kabla hujalisoma. Ijumaa ile, siku moja kabla ya mechi, niliongea na Baba.

Kocha anakusanya simu zetu tukiingia kambini, lakini kila mtu anapewa muda kidogo apige nyumbani. Nikapiga namba ya Baba kama kawaida. Akapokea Baba mdogo, akasema subiri nimpe. Kisha nikasikia kikohozi, na sauti ya Baba, ya chini, imekwaruza. Akasema mafua yamempata, asingeweza kuongea sana. Nikamwambia Baba, kesho ndiyo siku yenyewe, niombee. Akaniita mwanangu kwa kilugha chetu, akasema, "Cheza, ng'wanawane. Funga goli. Mimi nakuona." Nikalala vizuri usiku ule kuliko siku zote tangu nifike nchi hii.

Sasa nikikumbuka naona kila kitu. Baba hajawahi kuongea na mimi bila kuanza na "umekula?" Siku ile hakuuliza. Na Baba hajawahi kuniambia nifunge goli, mimi ni beki. Siku zote alikuwa ananiambia tulia nyuma, mpira una njaa, utakuja wenyewe. Nikajisemea ni homa. Kumbe nilikuwa naongea na Baba mdogo, na Baba yuko mochwari. Wewe unajua sauti zao zinavyofanana, hata Mama alikuwa akiwachanganya wakiitikia hodi.

Nikafunga, Dada. Kona, dakika za mwisho, kwa kichwa. Nikakimbilia kamera nikasema, "Baba, hii yako." Jumatatu wakanipa mkataba. Goli lile nalichukia sasa. Wenzangu wakiliangalia kwenye simu natoka chumbani.

Tangu hapo kila Jumapili nimepiga. Mara Baba amelala, mara yuko kliniki, mara koo linauma lakini anakusalimu. Juzi baada ya barua yako nikapiga tena. Baba mdogo akapokea. Nikamwambia nipe Baba. Akaanza kukohoa. Nikamwambia, "Acha kukohoa, Baba mdogo." Kikohozi kikakatika. Nikasikia kuku huko nyuma, na televisheni. Nikakata, nikatoa laini, nikaivunja kwa meno. Simu imenidanganya vya kutosha. Ukitaka kuniambia kitu niandikie, mwandiko wako naujua na hakuna wa kuuiga.

Nataka unijibu. Mama alijua? Na Baba, je, aliniulizia?

Kifusi changu kifunikeni. Bati, turubai, chochote. Mvua isinichukulie na hicho.

Mdogo wako,
Chenge

*

Mirongo, Mwanza
10 Aprili 2026

Mdogo wangu Chenge,

Pole. Pole sana, mwanaume wa Baba. Nimekutukana kwenye msiba ambao ulikuwa hujaujua, na nimekuwa mtu wa kwanza kukupa habari ile, tena kwa kejeli. Hilo nitalala nalo. Lakini hasira niliyokuwa nayo kwako haikupotea. Imehama nyumba tu.

Nilisoma barua yako asubuhi. Nikapanda gari la Sengerema, nikavuka daraja, nikateremka mbele ya kibanda umiza bila hata kupita nyumbani. Ilikuwa Jumamosi, kumejaa, mechi ya Waingereza inaendelea, moshi wa sigara, Baba mdogo kasimama mlangoni na filimbi yake mdomoni. Sikumwamkia. Nilipita katikati ya watu mpaka kwenye televisheni nikachomoa waya ukutani. Wakapiga kelele kama wamechomwa moto. Nikawaambia anayetaka mpira wake atanisikiliza kwanza.

Nikakunjua barua yako nikawasomea ile sehemu ya simu. Nilisoma polepole, Chenge, neno kwa neno. Filimbi ilimdondokea kifuani. Wengine wakaanza kuangalia miguu yao. Wale waliopiga mabati siku ya goli lako wote waliamini kwamba unajua. Walidhani wewe ndiye mwenye roho ngumu, na bado wakakushangilia. Sijui kipi kibaya zaidi.

Nikamwambia Baba mdogo, ongea kama Baba. Tusikie. Akasema Odeta usinivunjie heshima mbele ya watu. Nikamwambia tena, ongea. Hapo tukasikia sauti mlangoni. Mama alikuwa amefika, kanga ya msiba kichwani, sijui nani alimwita.

Akasema, "Niliisikia."

Akasema, "Ijumaa ile nilikuwa jikoni. Nilisikia sauti ya mume wangu chumbani, inasema cheza, ng'wanawane. Na mimi nilikuwa nimetoka kumvalisha mochwari. Nikajua nimeshaanza kuwa kichaa, sikumwambia mtu."

Mwezi mzima Mama yetu alikuwa anaamini amerukwa na akili. Usiku alikuwa haingii kwenye chumba kile, analala jikoni na Dorotea, na sisi tukidhani ni majonzi ya kawaida. Baba mdogo alikuwa analijua hilo la kulala jikoni, na hakusema neno. Mama hakumtukana. Aligeuka akarudi nyumbani. Ningependa angemtukana.

Umeniuliza kama Baba alikuulizia. Sitaki nikujibu mimi. Nilimbana Baba mdogo, aliyemlinda Baba wodini, siku ileile, akaniambia yaliyotokea, nikamwambia ayaandike yeye kwa mkono wake, na asipoandika nitayasema kanisani. Barua yake iko kwenye bahasha hiihii. Sijaisahihisha. Uisome ukiwa na mtu karibu.

Kifusi nimekifunika kwa turubai la bluu, lile la kufunikia mizigo kwenye pantoni, na mawe pembeni. Maji yanapita chini kidogo, yanakula ukingoni, lakini bado kipo. Kaburi upande wa miguu limebonyea kama kitanda kilicholaliwa. Mama anakaa pale jioni.

Dada yako,
Odeta

*

Busisi
8 Aprili 2026

Kwako mwanangu mpendwa Chenge Mayala,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko kwenye baridi. Sisi huku kwa neema ya Mungu hatujambo, wasiwasi wetu ni juu yako uliye mbali. Dada yako ameniagiza niandike kama hakimu anavyomwagiza mwizi. Naandika, lakini si kwa sababu namwogopa Odeta.

Mwanangu, umevunja laini. Sawa. Ila kabla hujavunja na undugu, nisikilize. Nani alikuchukua kwa baiskeli mpaka Mwanza kwenye majaribio ya kwanza? Baba yako alikuwa anasema soma kwanza. Nani alimtafuta wakala? Nani alikaa kwenye simu na mtu yule mpaka akakuchukua? Mimi, Machibya. Nilikuona ukiwa na miguu ya fito, nikasema huyu atatutoa.

Wewe hukuona Busisi baada ya daraja kufunguliwa. Zamani gari linasubiri pantoni livushwe ziwa, abiria anashuka, anakula sato, ananunua mahindi, anakaa kwetu anaangalia mpira. Sasa wanapita juu ya vichwa vyetu, hata kioo hawashushi. Mama Dorotea kaacha kukaanga samaki. Kilichobaki ni kibanda hiki, na kibanda kinaishi kwa mpira wa Wazungu. Na katika mpira wa Wazungu wote, ni wewe tu uliye wetu. Watu wanatoka Sengerema mjini kuja kukuona. Mzee ambaye hajui Poland ni mji au ni tunda anakaa mstari wa mbele anasema yule mtoto alikuwa ananiamkia mimi. Hujui unatufanyia nini ukitokea pale.

Baba yako alipolazwa nilimpigia wakala. Akaniambia maneno haya, sijaongeza: akiondoka sasa asirudi, jezi yake wanaingoja vijana thelathini, wa Ghana, wa Mali, wa Brazil, na hakuna atakayeuliza amekwenda wapi. Ningefanya nini? Nikuite uje ukae chini ya turubai siku tatu, halafu uzeeke hapa unachimba mchanga? Marehemu hafufuki kwa kuitiwa mtoto. Nikasema mzigo huu nitaubeba mimi. Na kwetu habari ya kifo haipigwi kwa simu, unajua. Mtu anaambiwa mgonjwa kazidi, njoo, akifika ndiyo anaambiwa. Mimi nimeirefusha tu desturi.

Ijumaa ulipopiga sikukusudia. Ulisema nipe Baba, na nilikuwa nimeshika simu ya marehemu, na nikajua ukisikia kimya utajua. Basi nikakohoa. Ulipoomba baraka, nilikupa kwa moyo wangu wote. Mimi pia ni baba yako. Baraka ile haikuwa ya uongo, ila sauti tu.

Odeta anataka niandike habari za Baba yako siku za mwisho. Alikuulizia. Alianza Jumatatu, anasema Chenge yuko wapi. Nikamwambia yuko njiani. Jioni akauliza tena, nikamwambia ameshuka Dar. Jumanne akauliza usiku na mchana, anageuka kuangalia mlango wa wodi kila ukifunguliwa. Nikamwambia amefika Mwanza. Alfajiri ya Jumatano akasema yuko wapi sasa. Nikamwambia yuko darajani, Kaka, anavuka. Akasema basi mpeni chakula, hajala. Akanyamaza, na hakusema tena.

Alikufa akiwa na amani, mwanangu. Nilimpa mimi amani hiyo. Ukiniuliza kama ningefanya tena, ningefanya tena. Ulifunga goli, ulipata mkataba, na jina la Mayala linatamkwa kwenye redio za watu.

Mechi yenu ya kupanda daraja ni Jumamosi tarehe kumi na sita Mei. Bashiru ameshaniahidi kuja. Nimeongeza mabenchi. Tutakuangalia wote.

Baba yako mdogo akupendaye,
Machibya

*

Mirongo, Mwanza
7 Mei 2026

Chenge,

Hujajibu. Nimengoja mwezi mzima. Posta wananijua sasa, wakiniona mlangoni wanatikisa kichwa kabla sijauliza.

Nimesoma ile barua ya Baba mdogo kabla ya kuifunga bahasha, usinilaumu. Neno la chakula haliniachi. Nikikaanga yai naliona. Kama limekufanya ukae kimya, naelewa. Kama umeamua kuyaacha yote na kucheza mpira wako, naelewa pia, ila sitakusamehe, na nakuambia mapema usije ukasema hukujua.

Turubai limetoboka. Nimeweka bati juu, upepo ukalibeba mpaka kwa Dorotea. Kifusi chako sasa kinaingia kwenye karai moja au mawili. Katekista alikuja kuniambia wanaume wako tayari kurudi kumalizia kaburi, yaishe, watu wanasema vibaya. Mama akamjibu kaburi hili lina mwenyewe. Nikajua hata akifa yeye ataliacha vilevile.

Baba mdogo kabandika karatasi mlangoni kwake, jina lako kwa wino mwekundu, Jumamosi saa kumi. Nilitaka kuichana. Mama akasema acha.

Odeta

*

Busisi
Jumamosi, 16 Mei 2026

Baba mdogo, shikamoo.

Barua hii utaikuta kwenye mlango wa kibanda, juu ya ile karatasi yenye jina langu. Naiandikia jikoni kwa Mama. Ninyi mko ndani, naisikia sauti ya Bashiru akiwaambia msogee, mtandao unakatika.

Barua yako niliisoma mbele ya yule Mmali, nikimtafsiria. Ilipofika kwenye chakula nilishindwa, akaninyang'anya karatasi, ingawa hajui kusoma Kiswahili. Kesho yake nikaenda kwa kocha nikaomba ruhusa. Akasema msimu ukiisha. Wakala naye akanipa maneno yaleyale aliyokupa wewe, ya vijana thelathini. Hakudanganya. Nilipofunga begi, jezi yangu alikuwa ameshapewa Mguinea mmoja, mtoto mzuri, ana adabu. Nikamwambia kitu kimoja tu kabla sijaondoka: ukipiga simu kwenu, muulize baba yako swali ambalo yeye peke yake ana jibu lake. Akacheka. Alidhani ni utani wa Kitanzania.

Nilishuka Mwanza leo asubuhi. Nilimpitia Odeta saluni, akamwacha mteja na nywele zimesukwa upande mmoja. Gari likatushusha Kigongo, kabla ya daraja, kwa sababu nililiomba lisimame. Odeta akaniuliza nina wazimu gani. Nikamwambia nataka kuvuka kwa miguu. Ulimwambia Baba navuka, na yeye akanisubiri huko mpaka mwisho. Nilitaka kujua lina urefu gani. Ni refu, Baba mdogo. Upepo wa ziwa unapiga kifuani, na kila ukidhani umefika, bado. Nililia kote, na watu kwenye magari walinipungia mikono wakidhani namshangilia mtu.

Nilipofika nyumbani Mama hakupiga yowe. Aliniuliza nimekula. Nikakaa nikala ugali na dagaa, nikamaliza wote, ndipo nikaomba chepe la Baba.

Kati ya kaburi na ukuta wako ni mihogo tu, unajua. Nilikuwa nasikia kila kitu. Nilikusikia ukiwaambia watu nyamazeni, wanataja majina. Wakataja kumi na mmoja, sikuwemo. Ukasema niko benchi. Wakataja wa benchi, sikuwemo. Ukasema Wazungu wana akili, wamenificha, nitaingia mwishoni. Mtu akakubishia, ukamtoa nje. Baba mdogo, mlikuwa mnanitafuta kwenye kioo na mimi niko nyuma ya ukuta, nina chepe mkononi. Odeta akasema niende nikagonge bati mtoke. Nikamwambia waache. Hata siku ya mazishi hakuna aliyewaita waondoke kaburini.

Udongo wangu umebaki kidogo. Mvua imeuosha, umekuwa mgumu kama tofali, nikauvunja kwanza kwa jembe. Nilitupa wa kwanza mimi, kwa mkono, kama inavyotakiwa. Haukutosha. Nikachota mwingine pale mlangoni kwako, mahali panapokanyagwa na watu wako wote, nikaujazia. Asubuhi utaona shimo. Usilifukie.

Sikulaani. Mama amenikataza. Ila nimekasirika, na hasira hii sijui itaisha lini, na sitaki uje kuniomba iishe. Ulisema ulimpa Baba amani. Hukumpa, ulimpa mlango wa kuangalia. Na mimi ulinipa baraka ya mtu ambaye hakuitoa, na nimeichezea kwa miguu yangu yote. Baba angeniambia nitulie nyuma, na pengine nisingefunga, na ningekuja kumzika.

Mpira sina ugomvi nao. Jumatatu nitawatoa ng'ombe kwenye uwanja wa kinu, na atakayetaka kuja aje na viatu. Kama kuna timu huko duniani itanitaka tena, nitafikiri. Wewe endelea na kibanda chako, ila jina langu usilibandike.

Kitu kimoja nakuomba, na hiki sikuombi, nakuagiza. Simu ya Baba irudishe kwa Mama leo hii. Ikiita tena, usiipokee.

Nilipokuwa napiga chepe la mwisho kusawazisha upande wa miguu, ukuta wako ulitikisika, mkapiga mabati, mkashangilia goli. Mama alikuwa amekaa pembeni, akaniangalia. Sikugeuka. Sijui kafunga nani.

Chenge, mtoto wa Mayala